Rivolva ya kuwindia kulungu Ohio: .357 au .44? Umbali gani? Na nyama itakuwa halali?

Mtu_wa_Konde

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi wa 11 InshaAllah nakwenda Ohio kwa ami yangu, viza yangu ni ya matembezi. Ami huwinda kulungu wa kule, wale wenye mkia mweupe, na anataka nifuatane naye. Ana rivolva mbili: moja ya .357 Magnum yenye mtutu wa inchi 4, na moja ya .44 Magnum yenye mtutu wa inchi 7 na nusu. Amesema nichague.

Naomba wenye ujuzi wanijibu mambo manne. Mgeni mwenye viza anaruhusiwa kushika silaha? Ipi kati ya hizo mbili? Umbali wa mwisho wa kupiga ni upi? Na kulungu akifa kabla kisu hakijamfika, kwa sisi Mashafi nyama yake inalika?

Msasi_Ughaibuni

Wa alaykumus salaam. Ile ya inchi 4 iache kabatini. Kwa kulungu, sheria ya Ohio inataka bastola yenye mtutu usiopungua inchi 5 na risasi ya ganda lililonyooka, yaani lisilobanwa shingoni, kipenyo cha inchi .357 au zaidi. Kwa hiyo risasi ya .357 yenyewe inakubalika, lakini bastola hiyo fupi haikubaliki.

Hata sheria ingeruhusu, mimi ningekwambia .44. Risasi ya .357 ilitoka 1935. Kichwa chake cha greni 158, yaani gramu 10 na kidogo, kikitoka kwenye mtutu wa inchi 6 huenda mita 380 hivi kwa sekunde, na nguvu yake ni kama juli 730. Ya .44 ni ya 1955. Kichwa cha greni 240, gramu 15 na nusu, huenda mita 370 hadi 420 kwa sekunde, juli 1,050 hadi 1,350. Bunduki ya kawaida ya .308 hutoa juli 3,500 hivi. Hapo utaona kuwa hata hiyo .44, mbele ya bunduki ya mtutu mrefu, ni dhaifu.

Udhaifu huo una maana yake porini. Risasi ya bunduki inakwenda kasi mpaka inachanachana nyama ya pembeni mwa njia yake. Risasi ya rivolva haifanyi hivyo. Inatoboa tundu, na mnyama anakufa kwa damu kumwagika na mapafu kuporomoka. Kwa hiyo unahitaji tundu la kuingilia na tundu la kutokea, na yote mawili yapite kwenye mapafu au moyo. Risasi ikikwama katikati, damu inabaki ndani ya kifua, na njia ya kumfuatilia inakuwa haina alama.

Ndiyo maana uchaguzi wa kichwa cha risasi ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Usinunue risasi za kujilinda nyumbani, zile zenye shimo kubwa kwenye ncha. Zimetengenezwa zifunguke haraka. Zikigonga mfupa wa bega zinatanuka mapema na kusimama. Chukua zilizoandikwa za kuwindia: ama zenye koti la shaba na ncha laini, ama za madini ya risasi, ngumu, za kusubu, zenye uso bapa na mpana. Hizi za uso bapa hazitanuki sana, lakini zinapita moja kwa moja.

Halafu namna ya kupiga. Tegesha nyundo kwanza kwa kidole gumba, ndipo uguse triga. Ikiwa imetegeshwa, triga inakatika kwa uzito wa kilo 1 hadi 2. Ukiivuta bila kutegesha, kwa zile zinazoruhusu, ni kilo 4 hadi 6, na mkono wa mgeni hautatulia kwa uzito huo.

Muulize ami kama hiyo .44 ni Ruger Blackhawk au Super Blackhawk iliyotengenezwa kabla ya 1973. Ikiwa ni hiyo na haijabadilishwa mtambo wa ndani, basi beba risasi tano tu na nyundo ilale juu ya chemba (tundu la silinda la kutilia risasi) tupu, kwa sababu ikianguka au ikigongwa kwenye nyundo inaweza kulia yenyewe. Kujaza kwake: tia moja, ruka moja, tia nne, tegesha mpaka mwisho, kisha shusha nyundo taratibu. Ukifuata hivyo, nyundo inaangukia chemba tupu.

Bint_Mkunazini

Kaka wa Konde, mie nikujibu la viza, maana hapo ndipo watu wanapoingia matatani bila kujua.

Sheria ya shirikisho ya Marekani, kifungu cha 922, inamkataza mwenye viza ya muda kuwa na silaha au risasi. Lakini inatoa ruhusa maalumu, na mojawapo ni kuwa na leseni ya uwindaji iliyo hai, iliyotolewa kihalali na jimbo lolote la huko. Kwa hivyo mpango wako uwe huu: leseni kwanza, bastola baadaye. Hata kwenye uwanja wa shabaha, usiishike kabla leseni haijawa mfukoni. Na viza ikimalizika muda wake, ruhusa hiyo haikusaidii kitu. Aliyeko nchini kinyume cha sheria hagusi silaha kabisa.

Kununua usifikirie. Kuazimwa kwa muda kwa ajili ya uwindaji halali kunaruhusiwa, na ami ndiye mwenye mali.

Leseni ya Ohio inataka cheti cha mafunzo ya uwindaji. Kama huna, kuna leseni ya mwanafunzi: hulazimiki kuwa na cheti, ila uongozane na mtu mzima mwenye leseni, wa miaka 21 au zaidi, na awe karibu nawe wakati wote. Juu ya leseni unanunua kibali cha kulungu. Ni vitu viwili mbalimbali. Mkiwinda kwenye shamba la mtu, ruhusa ya mwenye ardhi iwe ya maandishi.

Msimu mkuu wa bunduki huko kwa kawaida huanza Jumatatu inayofuata Thanksgiving, sikukuu yao ya Alhamisi ya nne ya mwezi wa 11, na huchukua wiki moja, kwa hivyo tiketi yako isikurudishe kabla. Saa za kupiga ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Nguo ya juu iwe ya rangi ya chungwa kali inayoonekana. Si pambo, ndiyo inayomzuia mwindaji mwengine asikudhanie mnyama. Soma kanuni za mwaka huo mwenyewe kabla ya kutoka, maana hubadilishwa.

Fundi_wa_Mtoni

Nami niongeze mambo ya chombo chenyewe, kwa kuwa rivolva ina khatari ambazo bunduki haina.

Kati ya silinda na mtutu pana upenyo mdogo, kiasi cha milimita 0.1 hadi 0.2. Kila risasi ikilia, moto na vipande vya risasi vinatoka kwa pembeni hapo. Kidole kikiwa karibu, kwa nguvu ya .44 kinaweza kuchanika vibaya. Vidole vyote vikae nyuma ya silinda, hata mkono wa kushoto. Usiishike kama bunduki, mkono mmoja mbele chini ya mtutu. Na mtu asisimame ubavuni mwako.

Kuegemeza: egemeza mikono yako, si chuma. Mtutu ukilazwa juu ya gogo au ubao, teke, yaani ule msukumo wa bastola kurudi nyuma ikilia, linaurusha juu, na risasi inapita juu ya pale ulipolenga. Weka begi au jaketi lililokunjwa, mikono juu yake, bastola iwe hewani.

Masikio. Sauti ya bastola hii hupita desibeli 150, na mlio mmoja tu unaweza kukuachia madhara ya kudumu. Kwenye mazoezi vaa vizibo vya ndani na vifuniko vya nje kwa pamoja. Porini tumia vifuniko vya umeme vinavyopitisha sauti ndogo na kuzima kubwa, ili usikie majani yakikanyagwa.

Mazoezi usianze na risasi kamili. Teke la .44 humfundisha mgeni kufumba macho na kuisukuma bastola chini kabla haijalia, na tabia hiyo ikishaingia haitoki kirahisi. Anza na .44 Special, inaingia silinda ile ile na ni laini. Ila ganda lake ni fupi, kwa hivyo linaacha pete ya masizi ndani ya chemba, na baadaye ganda refu la Magnum linakwama, ama kuingia ama kutoka. Sugua kila chemba kwa brashi ya shaba kabla ya kurudi kwenye Magnum. Katika mazoezi mwambie ami akujazie silinda yeye, achanganye risasi hai na maganda matupu bila wewe kujua. Nyundo ikiangukia ganda tupu na mtutu ukainama, umejiona mwenyewe.

Jambo la mwisho, ambalo hutokea kwenye bastola nyepesi au risasi zilizojazwa nyumbani: teke linavuta vichwa vya risasi zilizobaki vitoke kidogo kwenye maganda. Kichwa kikijitokeza mbele ya silinda, silinda haizunguki tena, na bastola imekufa mkononi mnyama akiwa amesimama. Pima hivi: piga tano, itoe ya sita, linganisha urefu wake na risasi mpya. Ikiwa imerefuka, risasi hizo hazikubanwa vizuri mdomoni, badilisha. Kaza na skrubu zote baada ya mazoezi, khasa za mpini na za darubini.

Darubini ikiwa ipo iwe ya bastola. Ya bunduki inataka jicho liwe karibu sana. Ukinyoosha mkono huoni kitu, na ukiileta karibu itakupasua uso.

Mtu_wa_Konde

Allah akulipeni kheri. Bado umbali na uhalali. Ami anasema wapo wanaopiga mita 100.

Msasi_Ughaibuni

Wapo, wana darubini na miaka ya mazoezi. Wewe umbali wako utaambiwa na sahani ya karatasi. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu ni kama sentimita 20. Chukua sahani ya sentimita 15 ili ubakishe nafasi ya mtetemo wa moyo wako mwenyewe, kaa vile utakavyokaa porini, mgongo kwenye mti, viwiko juu ya magoti. Piga sita kwa mita 20. Zikiingia zote sita, rudi hadi 25, kisha 30. Pale risasi ya kwanza inapotoka nje ya sahani, sogea mbele hadi umbali wa kabla yake, na hapo ndipo mwisho wako kwa msimu huu. Tano kati ya sita si kufaulu. Ile ya sita ndiyo inayoingia tumboni mwa mnyama.

Kwa mgeni na alama za chuma za kulengea, bila darubini, mwisho huo mara nyingi huwa mita 25 hadi 35. Mwenye uzoefu hufika 45, 50. Mita 100 ina tatizo jengine: .44 iliyorekebishwa ipige sawa kwa mita 45 itashuka sentimita 15 hivi ikifika mita 90. Ukikosea kukadiria umbali kidogo tu, umevunja mguu.

Pa kulenga: msubiri ageuke ubavu kamili. Fuata mguu wa mbele kwenda juu, hadi theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka kifuani, nyuma kidogo ya bega. Akiwa ameelekea mbali nawe kwa mshazari, lenga mahali ambapo risasi itatokea kwenye bega la upande wa pili. Akikutazama uso kwa uso, au amekupa mgongo, muache.

Maalim_Dole

Suala la uhalali. Asili yake ni Hadithi ya Adiy bin Hatim, iliyomo katika Bukhari na Muslim: alichochoma mshale kwa ncha yake kiliwe, na kilichouliwa kwa ubavu wa chombo, kwa kishindo cha uzito, kisiliwe, kwani huyo ni katika waliopigwa waliotajwa kwenye Suratul Maida, aya ya 3. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wanahesabu risasi ya bunduki kuwa inatoboa na kumwaga damu, kwa hiyo wanaruhusu. Katika vitabu vya Kishafi wamo waliozuia mnyama aliyekufa kwa risasi pekee. Kwa hiyo anayetaka kutoka kwenye khitilafu, lengo lake liwe kumkuta mnyama akiwa hai na kumchinja.

Bismillahi isomwe wakati wa kufyatua. Kwetu ni sunna, lakini kwa madhehebu mengine ni sharti, na jamaa wa madhehebu hayo watakula nyama hiyo hiyo, usiiache.

Ukimkuta ana uhai uliotulia, yaani bado hajaanza kukata roho, ni wajibu kumchinja: koo la pumzi na umio, vyote viwili vikatike. Ukimuacha mpaka akafa na ulikuwa na wasaa, ni haramu. Na kukosa kisu si udhuru. Ni uzembe wa mwindaji. Kisu kikali kiwe kiunoni, si kwenye gari. Ukifika na wakati haukutosha kumchinja, hukumu yake ni ya windo, hahitaji kuchinjwa. Akikutwa amekufa ndani ya maji, asiliwe, kwa kuwa haijulikani kimemuua nini.

Tatizo ni aliyejeruhiwa akapotea machoni, kisha akakutwa amekufa. Katika madhehebu yetu zipo kauli mbili, ya kuzuia na ya kuruhusu pale asipoonekana na jeraha jengine. Nimeambiwa wawindaji wa kule hukaa nusu saa kabla ya kumfuata. Hilo lifikirini, kwani ukawiaji unaleta shaka hii.

Msasi_Ughaibuni

Maalim amegusa penyewe, na nusu saa hiyo ina sababu. Kulungu aliyepigwa mapafu hukimbia mita 50 hata 100, kisha analala. Akiachwa, hufia hapo. Akifuatwa mbio, anaamka na kwenda mbali zaidi, na kwenye msitu mnene unampoteza kabisa. Akipigwa tumboni ni kusubiri saa sita au zaidi, na hapo uhalali wake nawaachia maalim.

Kwa Mshafi mwenye .44 ningeshauri njia nyengine. Kaa karibu, mita 30 au chini yake, tia risasi ngumu za uso bapa, na lenga bega lenyewe, si nyuma yake. Risasi ikivunja mabega yote mawili na kupita juu ya moyo, mnyama hana miguu ya kumpeleka. Mara nyingi anaanguka unapomuona. Utapoteza nyama ya bega kilo kadhaa. Usilifanye hili kwa .357 wala kwa risasi zinazotanuka haraka. Na akiwa bado amesimama baada ya risasi ya kwanza, piga tena hapo hapo. Usimtazame.

Akianguka: mkazie macho, shusha nyundo mtutu ukielekea ardhini, fungua silinda au toa risasi zote, rudisha bastola kwenye ala, ndipo ushike kisu. Mwendee kwa upande wa mgongo, kamwe si upande wa miguu. Kwato zake hukata. Usishike pembe za dume lenye nguvu bado. Ami amkandamize shingo kwa goti kutoka nyuma, wewe uchinje.

Akikimbia, weka alama kwenye mti ulipokuwepo na pale aliposimama, kisha soma damu. Nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Nyekundu nzito ya kiza ni ini. Maji ya kijani au kahawia yenye harufu ni tumbo.

Msasi_wa_Muyuni

Neno dogo la nyumbani, kwa kuwa wanaosoma ni wengi. Haya ni ya kulungu wa Marekani, ambaye jike lake hufika kilo 40 hadi 60 na dume zaidi ya hapo, na wanavunwa kwa vibali. Paa wa kwetu ni kilo chache tu. Paa nunga wa Unguja yuko kwenye hatari ya kutoweka duniani, na paa mdogo wa Pemba amebaki kwenye vipande vya misitu kama Ngezi. Hao hawawindwi kwa bastola wala kwa nyavu na mbwa. Ukiona mtu anauliza bei ya nyama ya paa, mripoti kwa watu wa misitu.

Bint_Mkunazini

La nyama pia: kulungu wa Marekani wana maradhi ya kukonda yanayoharibu ubongo, yaliyoonekana kwanza Colorado katika miaka ya 1960, na Ohio yameshafika kwa wa mwituni. Hakujathibitika mtu kuambukizwa, ila ushauri wa afya ni kupima na kutokula aliyekutwa nayo. Ami aulize kama wilaya yake imo kwenye eneo la uangalizi, maana huko kuna masharti juu ya kichwa na uti wa mgongo. Vaeni glavu, msipasue ubongo wala uti, na mnyama aliyekonda anayetoka mate mumuache.

Msasi_Ughaibuni

Na mkimpasua, anzeni chini, ncha ya kisu ielekee juu katikati ya vidole viwili, ili utumbo usitoboke. Kibofu mfunge kwa uzi kabla ya kukikata. Tezi zenye manyoya meusi za ndani ya miguu ya nyuma msiziguse kwa kisu kinachokata nyama. Kateni na mtupe nyama yote iliyozunguka njia ya risasi, kiganja kizima kila upande, kwa ajili ya vipande vya risasi na mifupa. Mwezi wa 11 kule kuna baridi, lakini mchana jua likitoka nyama ndani ya ngozi inabaki na moto. Fungueni kifua kwa kijiti hewa ipite, na ifike chini ya nyuzi 4 siku hiyo hiyo.

Mtu_wa_Konde

Nimeandika yote. Nimemuuliza ami: ya .44 ni Ruger Redhawk, si ile ya zamani, na haina darubini. Risasi alizonazo ni za kujilinda.

Fundi_wa_Mtoni

Redhawk ina kinga ya nyundo, tia sita bila wasiwasi. Ni nzito pia, itakupunguzia teke. Hizo risasi za kujilinda mtumie sahanini zimalizike, kisha rekebisheni alama ya nyuma upya kwa risasi za kuwindia, kwani kichwa cha uzito mwengine hakipigi pahala pale pale.